Dokumentari kutoka Lubumbashi: hatua za mtayarishaji anayefanya montaji mwenyewe

Mjini Lubumbashi, anayetafuta pesa za dokumentari, anayebisha hodi kwa bourgmestre, yaani mkuu wa kamuni, anayeshika kamera na anayekesha kwenye montaji, yaani uhariri wa filamu, mara nyingi ni mtu mmoja. Mwongozo huu ni wake. Mtu huyo ana faida moja kubwa: akiwa bado uwanjani anaweza kujiuliza, "Kesho mezani kwenye montaji nitakosa nini hapa?" Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye montaji zilizaliwa siku ya kurekodi, na karibu zote zingezuilika kwa dakika mbili za subira.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: mzee wa Kamalondo aliyeacha kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, na ambaye bado anafuatilia anachoona ni haki yake. Mkewe anauza makala, yaani mkaa, mbele ya nyumba.

1. Geuza mada iwe mtu

"Wastaafu wa Gécamines" ni mada tu. Ukienda nayo uwanjani utarudi na watu kumi na wawili wanaosema jambo lilelile, na mezani hutajua uanze na nani. Tafuta mtu mmoja mwenye jambo analolitaka, na ambaye jambo lake litasogea katika miezi ijayo.

Andika karatasi moja yenye majibu matano. Ni nani? Anataka nini? Ni nini kinamzuia? Utarekodi nini kikitokea mbele ya kamera? Kwa nini sasa? Ukishindwa kujibu swali la nne bila kutumia neno "mahojiano", filamu bado hujaipata, endelea kutafuta.

Urefu nao uamuliwe mapema. Vituo vingi vya televisheni hupokea dakika 26 au 52. Kwa dakika 52, saa 15 hadi 20 za picha ghafi zinatosha ukijua unachokitafuta. Ukirekodi saa 60 utazilipia mara tatu: kwa diski, kwa umeme na kwa wiki nyingi za kutazama.

2. Karatasi na ridhaa

Pata barua kutoka ofisi ya mkoa inayoshughulikia mawasiliano na habari, kisha peleka nakala kwa meya, kwa bourgmestre na kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Mji una kamuni saba, yaani wilaya zake: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Ukihama kamuni, pita kwanza ofisini kwake. Tembea na ile karatasi ya kutumwa kazini iitwayo ordre de mission, iandikwe majina ya timu yote na nambari za mashine zote. Hizo nambari zitakusaidia pia ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia na kurudi, maana bila orodha iliyopigwa muhuri wakati wa kutoka, forodha inaweza kukudai ushuru kwa kamera yako mwenyewe.

Usirekodi askari, kambi, uwanja wa ndege wala daraja. Eneo la kampuni ya madini linahitaji karatasi ya kampuni yenyewe, na droni inahitaji ruhusa yake ya pekee.

Ridhaa ya mtu ichukuliwe mara mbili: sahihi kwenye karatasi, na maneno yake mwenyewe mbele ya kamera. Karatasi ikiwa ya Kifaransa, isome kwa sauti na uieleze kwa Kiswahili. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Kwa wachimbaji wadogo tunashauri jambo moja zaidi: rudi kwao montaji ikikaribia kwisha, uwaonyeshe sehemu zao. Sura ya mtu kwenye televisheni inaweza kumfungia mlango wa mahali anapopatia chakula cha watoto, na ni yeye anayejua hatari hiyo kuliko wewe.

3. Namba za kamera

Umeme wetu ni hezi 50. Kwa hiyo rekodi fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiweka fremu 30 na shata 1/60, taa za ndani zitacheza na michirizi itapita kwenye picha, na kuiondoa mezani ni kazi ngumu isiyoisha vizuri. Jenereta ndogo haishiki hezi 50 sawasawa, hivyo hata mipangilio sahihi inaweza kukuangusha. Penye jenereta, kaa na mtu wako karibu na dirisha au tumia taa ya betri.

Funga mizani ya rangi kwa mkono: kelvini 5600 juani, 3200 chini ya taa za njano. Ukiiacha kamera ijichagulie, uso wa mzee utabadilika rangi katikati ya sentensi, na vipande viwili vya jibu moja havitaungana.

Simu inaweza kufanya kazi nzuri, lakini ina ugonjwa wake: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika. Dalili yake ni kwamba sauti huanza sawa na mdomo, na baada ya dakika kumi mdomo uko nyuma. Tumia programu ya kamera inayofunga fremu 25. Kama picha zimesharekodiwa, zipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake au Shutter Encoder zitoke na fremu zisizobadilika, ndipo uziingize kwenye montaji. Kinasa sauti cha pembeni nacho kiwekwe kilohezi 48. Vingi vinatoka dukani vikiwa 44.1.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, lile vumbi jekundu huingia kila mahali. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa vioo, kamera ikitazama chini.

4. Sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti asiyoielewa haivumilii, anabadilisha kituo.

Mikrofoni ya nguoni ikae karibu shibiri moja chini ya kidevu, waya ufungwe kwa plasta ili usisugue shati. Sauti ya kawaida icheze kwenye desibeli −12, na mtu akipaza sauti isipite −6. Ikigonga sifuri imekatika, na hakuna programu itakayoirudisha. Vaa spika za masikioni muda wote. Vishale vya kamera huonyesha kwamba kuna sauti, havikuonyeshi kwamba ni upepo.

Zima friji kabla ya mahojiano, na uache ufunguo wa gari ndani yake, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kati ya Novemba na Machi, usipange mahojiano ya alasiri chini ya paa la mabati, kwani mvua ikianza siku imekwisha.

Hatari isiyoogopwa vya kutosha ni redio ya jirani. Wimbo ukisikika nyuma ya maneno ya mzee, huwezi kukata sentensi yake bila wimbo kuruka, na mwenye wimbo ana haki ya kudai malipo. Nenda kwa jirani, msalimie, muombe azime kwa nusu saa.

Mwisho wa kila mahali, kabla watu hawajainuka, rekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa chumba cha Katuba haufanani na ukimya wa ofisi ya mjini, na ndio utakaoziba matundu kila unapokata.

5. Kurekodi kwa ajili ya mkasi

Mama anafunga gunia la makala. Rekodi picha tano: mikono ikipitisha kamba, uso wake, mikono na uso kwa pamoja kutoka kando, nyumba nzima na barabara kutoka mbali, kisha kile anachokitazama yeye, labda mteja anayekuja. Shikilia kila picha sekunde 10 bila kusogeza kamera. Kosa la kila siku ni kuzima kamera kazi inapoisha. Mwache mama amalize, ainuke, atoke kabisa kwenye picha, ndipo uzime. Mtu akishatoka kwenye fremu, mezani unaweza kumkuta popote, sokoni au kanisani, bila mtazamaji kushtuka.

Kwenye mahojiano, mwombe mtu aingize swali ndani ya jibu. Ukimuuliza "Uliacha kazi mwaka gani?" na akajibu "2003", huna kitu. Muulize, "Mzee, nielezee siku ile ya mwisho." Akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja baada ya hapo.

6. Kadi, diski na umeme

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hutumia gigabaiti 45 kwa saa (100 gawanya kwa 8, mara 3,600). Saa 20 ni gigabaiti 900. Ukiweka nakala mbili unahitaji terabaiti 2 kabla hata hujaanza montaji.

Kila jioni, bila kujali uchovu:

Nakili kadi nzima pamoja na folda zake zote, usichague faili za video peke yake, kwa sababu baadhi ya kamera huhifadhi saa ya picha na mipangilio kwenye folda za pembeni. Ipe folda jina lenye tarehe, kamera na kadi, kwa mfano 20250614_KAM1_K03, bila nafasi wala herufi zenye alama kama é. Linganisha ukubwa na idadi ya faili. Fungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Nakili tena kwenye diski ya pili. Ndipo kadi ifutwe, na ifutiwe ndani ya kamera. Diski mbili zisilale nyumba moja. Mwizi na moto havichagui.

Kadi ya gigabaiti 64 huchukua kama dakika 11 kwenye diski ya kawaida inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde. Hizo dakika 11 ndizo delestaji, mgao wa umeme wa shirika la SNEL, hupenda. Umeme ukikatika katikati ya kunakili kwenye diski ya mfumo wa exFAT, unaweza kukuta folda tupu, maana mfumo huo hauweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea. Kwa diski ya montaji kwenye Windows chagua NTFS, na nakili ukiwa kwenye betri ya kompyuta, usitegemee waya wa ukutani peke yake.

Kwa betri ya nyumbani, piga hesabu hivi. Kompyuta, skrini na diski mbili hula kama wati 120. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitumia zaidi ya nusu unaiua mapema. Toa pia kama 15 kwa mia zinazopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa ukutani. Zinabaki takriban wati-saa 510, sawa na saa nne za kazi. Weka pia stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme: umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaochoma chaja.

7. Andika kila neno, na uandike Kiswahili cha hapa

Kabla ya kukata chochote, andika maneno yote ya mahojiano pamoja na taimkodi, yaani saa, dakika, sekunde na fremu za kila jibu. Tenga saa nne hadi tano kwa kila saa moja ya maneno. Programu za kuandika zenyewe hubabaika pale mtu anapopita kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa na Kibemba ndani ya pumzi moja, hivyo usiziamini bila kusikiliza tena.

Kazi hii apewe mtu wa Lubumbashi. Mzee akisema "Nilitumika ku Gécamines", anasema alifanya kazi pale. Mfasiri aliyekulia pwani anaweza kusikia kwamba mzee alitumiwa kama chombo, akaandika hivyo, na filamu nzima ikageuka malalamiko ambayo mzee hakuyatoa. Neno "kazi" lenyewe lina uzito wake huku: ni ajira ya mshahara. Mtu anaweza kutoka alfajiri, akauza, akabeba, akachoka, na bado akasema hana kazi. Tafsiri ya Kifaransa inayosema hafanyi chochote inamdhalilisha. Andika kwamba hana ajira.

Usisahihishe pia maandishi ya Kiswahili chake. Kama amesema "mayi" akimaanisha maji, acha "mayi".

8. Montaji yenyewe

Programu ya montaji ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha dokumentari ya televisheni. Kompyuta ikisuasua, tengeneza proksi, nakala nyepesi za picha: kwa aina ya faili ya ProRes Proxy ya 1920 kwa 1080 utatumia kama gigabaiti 17 kwa saa. Mradi uwekwe fremu 25 kabla ya kuingiza faili ya kwanza. Ukishaanza, Resolve haitakuruhusu kubadilisha.

Tazama kila kitu mara moja bila kusimama, ukiandika tu pale mwili wako ulipoitikia: uliposogea mbele, uliposahau saa. Hisia ya mtazamo wa kwanza hairudi. Baada ya hapo chagua vipande, andika kila tukio kwenye karatasi yake ndogo (rangi moja kwa matukio, nyingine kwa mahojiano), na ubandike ukutani. Hamisha karatasi hadi uweze kumsimulia mtu hadithi kwa kupita mkono ukutani. Ukiona rangi ya mahojiano imetawala, rudi uwanjani mapema.

Mkusanyiko wa kwanza huwa na saa mbili au tatu, na unachosha. Ni kawaida. Teremka hadi dakika 90, kisha 65, kisha 52. Tukio linaloondoka kwa uchungu mara nyingi ni lile lililokugharimu sana kulirekodi. Mtazamaji hajui uligharimika kiasi gani.

Sasa tazama mkato mmoja kwa karibu. Mzee anafungua kopo la zamani la maziwa ya unga, anatoa kadi yenye nambari yake ya kazi, ile matricule. Anaigeuza. Anapuliza vumbi. Kisha anaitaja nambari yake kwa Kifaransa, bila kuisoma. Mhariri mwenye haraka atakata hapohapo kwenda kwenye picha za zamani za bomba la moshi, na kinanda chini yake. Subiri. Baki na uso wake sekunde nne baada ya nambari. Halafu, fremu 12 kabla picha haijabadilika, anzisha sauti ya gunia la makala likiburutwa. Mtazamaji anaisikia akiwa bado na mzee, na picha inapobadilika anaelewa mwenyewe nani sasa analisha nyumba hii. Ukiongeza maelezo ya msimulizi juu yake, umemnyang'anya mtazamaji kazi yake.

Picha za zamani za Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni iliyoanza mwaka 1906, zina wenyewe. Kwa kawaida hutozwa kwa sekunde au kwa dakika, na bei hubadilika kulingana na nchi, miaka na kama ni televisheni, tamasha au intaneti. Zipe rangi yake kwenye mstari wa montaji tangu siku ya kwanza, ili ujue una sekunde ngapi kabla ya bajeti kukushtua. Kwa muziki wa Kongo, mwenye wimbo akubali kwa maandishi, na uulize SOCODA, shirika la haki za watunzi, kuhusu haki.

Onyesha mkato kwa watu watatu wasioijua habari hiyo. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize walipotea wapi.

9. Sauti ya mwisho, rangi, manukuu

Usiguse rangi wala mchanganyiko wa sauti hadi picha ifungwe kabisa. Ukibadilisha mkato baadaye, unafanya kazi hizo upya. Kwa televisheni, sauti ya jumla iwe −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika) na kilele kisipite −1, ndivyo kanuni ya R128 ya televisheni za Ulaya inavyotaka. Kwa YouTube lenga karibu na −14.

Manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, yawe mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, yakae angalau sekunde moja na yasizidi saba. Hesabu herufi 15 kwa sekunde kama kasi ya kusoma. Faili ya manukuu ya SRT ihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo kila é ya Kifaransa itageuka takataka kwenye skrini ya mteja.

10. Kukabidhi

Omba karatasi ya masharti ya kiufundi kabla ya kutoa faili. Wengi hutaka faili ya video ya aina ya ProRes 422 HQ au MXF ya megabiti 50. Njia za sauti 1 na 2 zibebe mchanganyiko kamili, 3 na 4 zibebe muziki na mazingira bila maneno, ili wengine waweke lugha yao. Tamasha likitaka DCP, nakala ya kuonyeshwa ukumbini mwa sinema, programu ya DCP-o-matic huitengeneza bure.

Usitume faili kubwa ili mteja atazame tu. Dakika 52 kwa megabiti 20 ni gigabaiti 7.8. Kwenye mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni karibu saa tisa. Toa nakala ya 720 kwa megabiti 3: gigabaiti 1.2 hivi, na itafika kwa dakika 78. Weka taimkodi juu ya picha ili maoni yarudi na namba, yasirudi na "pale katikati".

11. Riziki

Kwa anayeanza, njia ya uhakika ni kuwa msaidizi wa montaji: kulinganisha sauti na picha, kuandika maneno, kutunza nakala. Filamu za harusi na za mashirika hulisha nyumba na hufundisha kasi, usizidharau.

Mkataba useme mambo manne: urefu wa filamu, tarehe, idadi ya marekebisho (mara tatu zinatosha), na malipo yanavyogawanywa. Mgawanyo wa 40 kwa mia mwanzoni, 30 picha ikifungwa na 30 kabla ya kukabidhi faili kuu unakulinda. Marekebisho ya nne yana bei yake, na iandikwe.

Kwa filamu yako mwenyewe, anza na watu wa mjini. Picha, kituo cha sanaa kilichoanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, huwakutanisha watu wa picha na sauti. Nje, tazama masharti ya IDFA Bertha Fund, mfuko wa tamasha la dokumentari la Amsterdam, na ya mfuko wa picha wa Francophonie, na soko la Durban FilmMart linalofanyika tangu 2010. Wote hao wataomba karibu vitu vilevile: maelezo ya filamu, bajeti, ratiba, na dakika tatu hadi tano za picha zenye manukuu. Katika dakika hizo usiweke mkusanyiko wa picha nzuri za mji. Weka tukio moja zima: kopo, kadi, nambari, na zile sekunde nne za uso wa mzee.